Tawi Kwenye Njia Panda ya Matongo

Harufu ilinikuta katikati ya sentensi. Wafyekaji wangu walikuwa wamekata kichaka cha majani machungu, yale ambayo mama zetu walituchemshia tumbo lilipouma, na uchungu wake ukapanda hewani ukaniingia puani. Nilikuwa naeleza wageni historia ya mahali pale. Maneno yakanikatika, na mimi si mtu wa kukatikiwa na maneno. Nimetetea kazi yangu ya mwisho ya masomo mbele ya maprofesa watano, kwa lugha ambayo mama yangu hakuijua, na sauti yangu haikutetemeka hata mara moja. Lakini siku hiyo, mbele ya kichaka kilichokatwa, niliwaambia wageni wanisubiri, nikaenda kusimama nyuma ya mti kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Niseme kwanza mimi ni nani, kwa sababu sioni aibu kusema. Nilizaliwa Butembo, kwa baba aliyekuwa fundi wa chikudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili. Hakuna mjomba aliyenilipia masomo, hakuna padri wala pasta. Niliuza mandazi mlangoni pa shule ileile niliyosomea. Nilivuka mpaka nikasoma Kampala, kutoka Kampala nikafika Ulaya, na nikarudi na diploma mbili ambazo zimening'inia sebuleni kwangu, kila moja ndani ya kioo chake. Walioniona nikirudi walisema nimepungukiwa akili, kwamba watu wanatoka Kivu, hawaingii. Leo nina nyumba ya etaje, yaani ya ghorofa, mtaani Mususa, na watu wakielekeza mgeni wanasema, pita kwa Madame kisha ukate kulia. Na njia za Matongo ni kazi yangu.

Matongo ni kilima cha upande wa kuelekea Lubero, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Wazee wetu waliishi pale kabla ya Wazungu kuwashusha kwa nguvu wakae kando ya barabara, wapate kuhesabiwa. Nyumba zilioza, miti ikabaki. Ile mitini mikubwa ambayo wazee walichuna magome yake kutengeneza nguo bado imesimama, na chini yake kuna mawe ya kusagia ulezi yenye mashimo laini kama kiganja cha mkono, na mabonge meusi ya mabaki ya chuma mahali palipokuwa na wahunzi. Kwa kuwa makaburi yapo humo, hakuna aliyethubutu kukata msitu ule hata wakati vilima vyote vya jirani vilipopandwa mikaratusi. Mimi nilimwendea chifu, nikafyeka vijia vinne, nikachora mishale meupe kwenye vibao kwa mkono wangu. Siku hizi shule zinakuja, na kwaya za makanisa zinakuja. Watoto wa mjini wanatembea mahali ambapo koko zao, bibi na babu zao, walitembea, na hakuna anayepotea.

Nilipokuwa mtoto hapakuwa na kibao hata kimoja. Palikuwa na Koko.

Koko alikuwa mama wa baba yangu. Aliishi mwenyewe chini ya kilima kile, na kila likizo ya kiangazi baba alinipeleka kwake nikale viazi na kupata nyama mashavuni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu aliyechelewa ibada. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na sikumficha mtu jambo hilo. Nilifika kwake na bulletin yangu, karatasi ya alama za shule, imekunjwa ndani ya nguo, nikamsomea alama zangu zote huku anamenya maharagi. Nilisoma maandishi ya mifuko ya chumvi, ya makopo ya majani ya chai, ya karatasi zilizofungia sabuni. Kwa hiyo akaniita Mwalimu. "Mwalimu, lete maji." "Mwalimu, mbuzi amekula shati yako, soma tuone kama imeandikwa ndani ya tumbo yake."

Alikwenda Matongo kutafuta kuni, nami nilimfuata. Msitu ule ulikuwa na baridi hata mchana. Ardhi ilikuwa laini na ilinukia uyoga, na mwanga ulianguka vipande vipande. Nilipenda mawe ya kusagia kuliko kitu chochote. Niliweka kiganja changu ndani ya shimo la jiwe na kufikiri juu ya mwanamke aliyelichimba bila kujua kwamba anachimba, kwa kusaga tu kila siku. Kwa sababu hiyo nilibaki nyuma kila mara. Na kwa kuwa nilibaki nyuma, Koko alikuwa anavunja tawi kila alipofika njia panda na kuliweka chini.

Siku moja nilimwuliza. Tantine Masika alikuwepo pia, dada mkubwa wa baba, binti wa kwanza wa Koko. Alikuwa ameolewa upande wa Beni na alikuja kumwonyesha mama yake mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wa miezi minne.

"Koko, juu ya nini unaweka tawi pale?"

"Ni ya kuambia mwenye kuwa nyuma."

"Kumuambia nini?"

"Fasi tulipita, njia gani."

Tantine Masika alicheka, mtoto mgongoni akicheka naye kwa kutikiswa. "Mwalimu, ku masomo habakufundishake ile?"

"Hapana. Sisi banatufundisha kusoma."

"Basi soma."

Nikalitazama tawi. Lilikuwa la majani machungu, kwa sababu kile kichaka kinaota kila mahali na kinavunjika kirahisi. Sehemu iliyovunjwa ilikuwa nyeupe na imechongoka, na majani yalikuwa yametanda nyuma yake. Mara moja nikaona. Ulikuwa mshale. Kwenye hospitali ya mjini nilikuwa nimeona mshale kama ule umechorwa ukutani, unaonyesha mahali pa kwenda kumwona daktari. Nikajisikia mwenye akili. Sikuangalia tawi limelala kwenye mdomo wa njia ipi. Mtu aliyezoea maandishi huangalia maandishi, haangalii ukuta yalipoandikwa.

Wenzangu wa vilima mnajua ambacho sikujua. Tawi linawekwa kwenye njia ambayo hamkupita. Linaifunga. Anayekuja nyuma akiona majani mabichi yamelala kwenye mdomo wa njia, hata kama ni njia aliyoizoea, anapita ile iliyo wazi, na hahitaji kujua herufi hata moja.

Kiangazi kile askari walikuwa wanapanda vilimani. Sisi watoto hatukujua ni wa upande gani, na sidhani wakubwa walijua kila mara. Walichukua mbuzi, walichukua sufuria, na walichukua watu wa kubeba walivyochukua. Kila familia ilikuwa na mahali pake pa kujificha. Petu palikuwa Matongo, ndani ya handaki la zamani chini ya mawe ya kusagia. Koko alituonyesha kama mtu anayeonyesha wageni chumba cha kulala. Mtoto wa Tantine alianza kulia mlemle handakini, kwa nguvu, na Koko akasema huku anatabasamu, "Huyu ataimba ku chorale. Sauti yake inafika Lubero." Kisha akaongeza, bila kutabasamu sana, "Huyu sauti yake itatuuza." Tantine aliketi chini. Alimpa mtoto ziwa na kutazama kando.

Walikuja mchana, jua likiwa juu. Tantine alikuwa mtoni kufua nguo za mtoto, mwenyewe mtoto akiwa mgongoni. Jirani alipita mbio akisema, "Banapanda, banapanda," na hakusimama. Koko alimwita Tantine kwa sauti kuelekea mtoni, mara mbili, na sauti ya Tantine ikajibu kutoka mbali kwamba anakuja. Koko akachukua mbuzi kwa kamba na sufuria kichwani, akanisukuma mbele, kisha akanipita kwa sababu miguu yangu ilikuwa mifupi na mbuzi alikuwa anavuta.

Tulifika njia panda. Njia ya kushoto ilishuka kwenye mawe na handaki. Ya kulia ilizunguka kilima na kutokea barabarani, kwenye kona. Koko alikuwa tayari ameingia ya kushoto, mbuzi anapigana naye. Alisema bila kugeuka:

"Mwalimu, wekea Tantine tawi."

Nikavunja tawi. Nilichagua kubwa, lenye majani mengi. Nililiweka vizuri kabisa kwenye mdomo wa njia ya kushoto, njia yetu, ncha nyeupe ikielekea bondeni, ili Tantine asikose kuona. Hata nililisogeza kidogo likae sawa. Kisha nikakimbia kumfuata Koko, mikono yangu inanuka uchungu, na ndani ya woga ule nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimefanya kazi ya mtu mkubwa.

Handakini tulikaa kimya. Koko alikuwa ameshika mdomo wa mbuzi. Muda ukapita, Tantine hakufika. Kisha tukasikia mtoto analia. Sauti ile hakuna aliyeweza kukosea. Lakini haikutoka juu yetu, kwenye njia. Ilitoka ng'ambo, upande wa barabara. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, na ndani yake kulikuwa na sauti za wanaume.

Koko alinitazama.

"Uliweka tawi?"

"Niliweka."

"Wapi?"

"Ku njia yetu. Atuone."

Sijawahi kuona tena uso ukibadilika namna ile, na nimeona mengi. Hakunipiga. Alimwachia mbuzi, akapanda njia kwa mikono na miguu, nami nikamfuata. Njia panda palikuwa kimya. Tawi langu lilikuwa palepale, zuri, halijakanyagwa. Kwenye njia ya kulia kulikuwa na alama za miguu mitupu ya mtu mmoja, na nguo moja ya mtoto, bado mbichi kwa maji ya mto. Koko aliiokota nguo. Kisha akaokota tawi na kulitupa mbali kichakani. Akapiga magoti mbele yangu ili macho yetu yalingane.

"Mutu akikuuliza, ni mimi niliweka."

"Lakini Koko, ni mimi."

"Ni mimi. Weye uko na miaka mingi ya kuishi na hawa batu. Mimi niko na kidogo. Hapana sema kwa mutu."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilifikiri ananikinga na fimbo ya baba.

Tantine Masika alirudi baada ya siku tisa. Walimbebesha gunia la maharagi kichwani, mtoto mgongoni, mvua ya milimani ikiwanyeshea, mpaka mahali ambapo walipata gari na kumwacha. Aliketi kwenye kizingiti cha Koko bila kuingia. Mtoto alikuwa anapumua kwa kukoroma. Mimi nilikuwa ndani, nikimenya viazi, na kisu kilisimama mkononi mwangu.

"Mama. Nani aliweka tawi?"

"Ni mimi."

"Ulikosea?"

"Macho yangu," Koko akasema. "Macho imezeeka."

Tantine akatoa kicheko kifupi. "Macho yenye inaonaka mbuzi ng'ambo ya kilima."

Koko hakujibu. Mimi sikujibu. Lile ndilo jambo ninalotaka kuandika hapa, na mengine yote ni njia ya kulifikia: mlango ulikuwa wazi, nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nilijua neno la kusema, na nilijua kusoma na kuandika na kuhesabu, na nikaendelea kumenya kiazi.

Mtoto alikufa wiki iliyofuata, kwenye kituo cha afya. Tantine alimzika, akarudi Beni kwa mume wake. Baada ya hapo alipita Butembo mara nyingi, na hakuwahi tena kula chakula cha mama yake. Watu walisema Koko amechanganyikiwa kwa uzee, kwamba alimfungia binti yake njia. Wanawake wa kanisa hawakumwacha tena atangulie walipokwenda kuni. Yeye, aliyewafundisha wote vijia vile, alitembea mwisho wa mstari.

Na mimi nikapanda. Darasa baada ya darasa, mpaka baada ya mpaka. Nilipohojiwa kwenye redio nilisema nimejijenga mwenyewe, na ni kweli, masomo yangu hakuna aliyeyalipa. Kitu kimoja tu maishani sikukitafuta kwa jasho langu, nacho ni jina langu safi. Hilo alinilipia Koko, kwa lake.

Alipokufa nilikuwa Ulaya. Nilitazama maziko kwenye simu. Alizikwa Matongo, chini ya mawe, kama alivyoomba. Nilimwona Tantine Masika amesimama pembeni, mikono imekunjwa. Watu walitupa udongo mmoja mmoja. Yeye hakutupa.

Miezi kadhaa iliyopita, vijiji vya upande wa Beni vilipochomwa tena, Tantine alikuja kwangu Mususa na godoro moja na sufuria mbili. Mume wake alikuwa amekwisha kufa. Nilimpa chumba cha chini, chenye vigae. Kila nikimpa sahani ananiambia "wasingya", asante ya Kinande, kwa heshima, kama anavyomwambia mtu asiyemjua. Tumekaa hivyo miezi. Nilimwonyesha diploma zangu. Alizitazama kwa muda mrefu na kusema kioo ni kizuri.

Kisha wafyekaji wakakata kile kichaka. Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Tantine, twende nikuonyeshe kazi yangu." Alinitazama, akachukua kitambaa chake cha kichwa.

Alipanda polepole, na mimi nilizungumza njia nzima. Nilimweleza juu ya vijia vinne, juu ya chifu, juu ya rangi isiyotoka kwa mvua. Tulipofika njia panda alisimama. Kibao changu kipo pale, kimeandikwa Mawe ya Kusagia, na mshale mweupe unaelekea kushoto.

"Ni weye uliandika hii?"

"Ni mimi. Kwa mukono yangu."

"Inasema batu bapite huku."

"Ndiyo, Tantine."

"Siku ile ilikuwa imefungwa."

Hapo ndipo sauti yangu, ile iliyowashinda maprofesa watano, ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Tantine, tawi ile ni mimi niliweka. Koko alikuwa mbele na mbuzi. Aliniambia nikuwekee. Mi nilifikiri banaweka ku njia yenye batu bamepita, kama mushale. Niliweka ili utuone."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama kibao.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Na leo?"

Mvi zangu alikuwa anaziona. Nilikuwa nimesubiri aseme kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo, nimeandaa hata machozi yake. Hakulisema.

"Mama alijua?"

"Siku ileile."

"Na akasema ni yeye."

"Aliniambia nisiseme."

"Aliambia mutoto," Tantine akasema taratibu. "Mutoto akakomaa." Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua. "Mi nilifikiri alifunga juu ya kilio ya mutoto wangu. Nilifikiri alihesabu, akaona heri sisi babili tupotee. Nilikula ku nyumba ya batu bote. Ya mama yangu, hapana. Alikuwa ananitumia viazi mpaka Beni, basi minagawia majirani."

Ndege mmoja aliimba juu ya mtini, akanyamaza.

"Amelala wapi?"

"Chini pale, nyuma ya mawe. Nitakupeleka."

Akaenda kwenye kichaka cha majani machungu, shina lililokatwa ambalo lilikuwa limeanza kuchipua, na pembeni yake akavunja tawi refu. Nilidhani anataka kumpelekea Koko. Aliingia njia ya kushoto hatua mbili, na mimi nikainua mguu kumfuata. Kisha akageuka, akainama kwa shida, akalilaza tawi kwenye mdomo wa njia, baina yangu na yeye. Aliyatandaza majani yajaze upana wote. Aliponyooka hakunitazama. Akashuka.

Nikarudisha mguu.

Nilikuwa bado nimesimama pale watoto wa kwaya walipopanda, wengi, wamevaa soksi nyeupe, mwalimu wao mbele. Nilikuwa nimewaalika mimi mwenyewe na nikasahau. Mwalimu alinisalimu kwa heshima, akatazama tawi, akatazama kibao.

"Madame, mushale inaonyesha kule."

"Mushale ni yangu," nikamwambia. "Hapana kuifuata. Fuateni tawi."

Mwalimu ni mtu wa vilima. Hakuuliza tena. Aliwageuza watoto kulia, na wimbo wao ukazunguka kilima mpaka ukaisha. Nikaketi chini ya kibao changu, juu ya nyasi, na nguo zangu nzuri. Kutoka bondeni ilifika sauti ya mwanamke mzee anaongea Kinande na mama yake, taratibu, kwa kituo, kama anasubiri majibu. Maneno sikuyapata. Sikusogea ili niyapate.